Jinsi ya Kusoma Vitabu vya Akiolojia ya Amerika: Mwongozo Kamili wa Anayeanza

Riwaya nzuri ya mwaka 1950 bado ni riwaya nzuri leo. Kitabu cha akiolojia cha mwaka huohuo ni habari nyingine. Kikikueleza jinsi watu wa kwanza walivyofika Amerika, utajifunza zaidi fikra za wasomi wa 1950 kuliko safari yenyewe. Na vitabu vya aina hiyo bado vimejaa kwenye maktaba, kwenye meza za wauza vitabu vilivyotumika na kwenye mtandao, tena vingine vina majalada ya kuvutia kuliko vipya. Anayeanza huokota cha kwanza kilichomjia mkononi, akakiamini chote, na mwezi unaofuata akakutana na kingine kinachosema kinyume.

Kwa hiyo sitaanza na orodha ya vitabu. Vichache nitavitaja njiani. Kazi kubwa ni kukuzoesha kukiuliza kila kitabu maswali mawili: kimechapwa lini, na mwandishi amejuaje anachosema?

Hatua ya 1: Chagua mahali pamoja

Usijaribu kusoma "akiolojia ya Amerika" yote. Kuanzia Alaska hadi ncha ya Chile ni dunia nzima, na vitabu vya jumla vinavyopita juu kwa juu huchosha mtu ambaye hana hata eneo moja analolijua vizuri. Wamaya, Waazteki na Wainka wana kabati lao peke yao; ukivutiwa nao, maswali ya hapa yatakufaa vilevile, lakini mifano yangu itatoka zaidi Marekani.

Kwa Marekani ya kale, milango miwili mizuri ni Cahokia na Chaco. Cahokia ipo Illinois, ng'ambo ya mto Mississippi kutoka St. Louis. Kati ya miaka ya 1050 na 1200 hivi ulikuwa mji mkubwa kuliko yote kaskazini ya Mexico. Kilima chake kikuu, Monks Mound, kina kimo cha kama mita 30, na udongo wake wote ulibebwa na watu kwa vikapu, maana hapakuwa na mnyama wa kubeba wala gurudumu. Chaco ni bonde kame la New Mexico lenye majumba ya mawe ya vyumba mamia. Humo, kwenye jengo la Pueblo Bonito, mitungi mirefu ilipimwa ikakutwa na mabaki ya kakao, mmea usioota popote karibu na jangwa lile.

Kwa Marekani ya karne za karibuni, tangu Wazungu na Waafrika walipofika, milango yangu ni Virginia na South Carolina ya mashamba ya watumwa, na makaburi ya Waafrika ya New York.

Ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia uanzie huku kwa karibuni. Vitabu vyake huwa vifupi, kuna nyaraka za kulinganisha na kilichochimbwa, na vitu vyenyewe unavijua: sahani, viko vya tumbaku, vifungo vya nguo, shanga. Mtu akishazoea kusoma kigae cha sahani ya mwaka 1770, hatashindwa na ncha ya mkuki ya miaka 13,000.

Hatua ya 2: Fungua ukurasa wa hakimiliki kabla ya sura ya kwanza

Ni ule ukurasa wenye maandishi madogo nyuma ya jina la kitabu. Tafuta mwaka wa toleo la kwanza, na uangalie kama kitabu kilirekebishwa au kilichapwa tu upya. Jalada linaweza kuwa la 2018 na maneno yakabaki ya 1962. Wachapishaji wanaojua biashara hawatakuambia hilo kwa herufi kubwa.

Ukishaupata mwaka, uupime kwa alama hizi.

Kabla ya 1949 hapakuwa na kipimo cha kaboni-14, njia ya kupima umri wa mkaa na mifupa tutakayoieleza kwenye Hatua ya 6. Umri unaotajwa kwenye kitabu cha zamani zaidi ya hapo ni makisio, isipokuwa kwa kusini-magharibi ya Marekani, ambako tangu 1929 pete za miti zilikuwa zimeshaunganishwa kuwa kalenda. Kitabu cha kabla ya 1997 karibu hakika kitasema watu wa kwanza Amerika walikuwa wale wa Clovis, wenye mikuki ya miaka kama 13,000 iliyopita, kwa sababu ndiyo kwanza mwaka huo kundi la wataalamu lilipotembelea Monte Verde, Chile, na wengi wao wakakubali kwamba palikaliwa na watu yapata miaka 14,500 iliyopita. Na kitabu cha kabla ya 2021 hakitazijua nyayo za White Sands, New Mexico, zilizopimwa kuwa na miaka kati ya 21,000 na 23,000. Vipimo vile vilibishaniwa sana, vikarudiwa kwa njia nyingine, na matokeo ya 2023 yakaunga mkono umri uleule.

Mfano mwepesi kuliko yote ni Jamestown, makazi ya Waingereza yaliyoanzishwa Virginia mwaka 1607. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba ngome yake ya kwanza ilimezwa na mto. Mwaka 1994 William Kelso alianza kuchimba nchi kavu, na mwaka 1996 ikatangazwa kwamba alama za nguzo za ngome zimeonekana kwenye udongo. Mto ulikuwa umelamba kona tu. Kitabu chake cha 2006, Jamestown: The Buried Truth, kinaieleza kazi hiyo vizuri. Lakini humo hutamkuta msichana ambaye watafiti walimpa jina la Jane, aliyetangazwa mwaka 2013. Mifupa yake ina alama za visu kichwani na kwenye mguu, ushahidi kwamba katika njaa ya majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 walowezi walikula maiti. Kelso alitoa kitabu kingine mwaka 2017, Jamestown: The Truth Revealed. Mwandishi mmoja, mahali pamoja, miaka 11 tu, na habari imebadilika kiasi hicho. Ukiwa na hela ya kimoja, chukua hicho cha pili.

Vitabu vya kale kabisa vina thamani yake, ila ujue unavisomea nini. Mwaka 1848 Ephraim Squier na Edwin Davis walitoa Ancient Monuments of the Mississippi Valley, chapisho la kwanza kabisa la taasisi ya Smithsonian. Walipima vilima na maboma ya udongo kwa mamia na kuvichora kwa ustadi. Ila waliamini, kama Wamarekani weupe wengi wa zama zao, kwamba vilijengwa na taifa lililotoweka, watu tofauti na wenyeji waliokuwa wakiwaona kwa macho yao. Imani hiyo ilikuwa na faida yake kisiasa. Sheria ya kuwahamisha wenyeji kwenda magharibi ya Mississippi ilikuwa imepitishwa mwaka 1830, na ni rahisi zaidi kumfukuza mtu kwenye ardhi ukishasema babu zake hawakujenga kitu hapo. Ilichukua hadi mwaka 1894, kwa ripoti ndefu ya Cyrus Thomas, kuthibitisha kwamba waliojenga vilima ni mababu wa wenyeji haohao.

Msomaji wa pwani yetu hapo atatabasamu. Magofu ya Kilwa na Gede nayo yaliandikwa miaka mingi kuwa kazi ya wageni kutoka Arabia na Uajemi, hadi uchimbaji, kama ule wa Shanga katika visiwa vya Lamu miaka ya 1980, ulipoonyesha chini ya misikiti ya mawe misikiti midogo ya miti, na mji uliokua hatua kwa hatua kutoka kijiji cha wenyeji. Ukiujua ugomvi huu wa kwetu, utaunusa haraka kwenye kitabu cha Amerika.

Ushauri wangu juu ya Squier na Davis: tazama ramani zao, ruka maelezo. Vilima vingi walivyochora vimelimwa au kuchotwa udongo. St. Louis yenyewe iliitwa Mji wa Vilima, na kilima chake kikubwa kilibomolewa kikaisha mwaka 1869. Kwa sehemu nyingine ramani ile ndiyo iliyobaki.

Hatua ya 3: Jua mwandishi ni mtu wa namna gani

Wapo wachimbaji wanaoandika kuhusu eneo walilochimba wenyewe. Wapo waandishi wa habari wanaozunguka, wanahoji wachimbaji na kusimulia. Charles Mann na kitabu chake 1491 cha mwaka 2005 ni mfano mzuri wa hao, na kwa mtu asiye na subira na majedwali ni mwanzo unaokubalika. Halafu wapo wanaouza ndoto: Atlantis, majitu, Wamisri waliovuka bahari, viumbe kutoka nyota nyingine.

Hao wa mwisho hujulikana bila kusoma kitabu kizima. Tazama picha ya kitu chochote kilichochimbwa. Je, pembeni kuna kipimo cha sentimita? Je, maelezo yanasema kilitoka shimo gani, tabaka lipi? Je, kuna mchoro wa ukuta wa shimo unaoonyesha matabaka ya udongo? Kitabu cha ndoto huonyesha kitu kinachong'aa kwenye kitambaa cheusi, basi. Pia kitakuambia mara kwa mara kwamba wanasayansi wanaficha ukweli. Huu mchezo ni wa zamani. Mwaka 1860 huko Newark, Ohio, "yalipatikana" mawe yenye maandishi ya Kiebrania kwenye vilima na maboma ya udongo. Mwaka 1869 "likafukuliwa" jitu la mawe huko Cardiff, New York, ambalo George Hull alikuwa amelichongesha na kulizika mwenyewe, na watu wakalipa kiingilio kulitazama. Kenneth Feder ana kitabu kizima juu ya ulaghai wa aina hii, Frauds, Myths, and Mysteries, na nadhani kila anayesoma akiolojia akipitie mapema, kabla hajaharibiwa na video za usiku.

Kwa wachimbaji wa kweli nina kipimo kingine, kidogo lakini kinaniambia mengi. Fungua faharasa mwisho wa kitabu kinachozungumzia Folsom, New Mexico, na utafute jina George McJunkin. Huyu alikuwa mchunga ng'ombe mweusi, aliyezaliwa utumwani Texas, aliyejifunza kusoma ukubwani. Baada ya mafuriko ya mwaka 1908 akakagua uzio, akaona mifupa mikubwa mno imechomoza kwenye ukingo wa korongo, akajua si ya ng'ombe wala ya nyati wa siku hizi. Alijaribu miaka mingi kuwashawishi watu waje kutazama, akafa mwaka 1922 hawajachimba. Mwaka 1927 ncha ya mkuki ilikutwa imelala katikati ya mbavu za nyati wa aina iliyokwisha kutoweka, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza tena kukana kwamba watu waliishi Amerika tangu mwisho wa zama za barafu. Vitabu vingi vya zamani vinataja maprofesa waliokuja kushuhudia na kumruka yeye.

Hatua ya 4: Vipate bila kufilisika

Vitabu vya vyuo vikuu vya Marekani ni ghali, na posta inaweza kuzidi bei ya kitabu. Anza na vya bure.

Kilichochapwa Marekani kabla ya 1929 hakina tena hakimiliki kule. Squier na Davis, Cyrus Thomas, na safari za John Lloyd Stephens za 1841 kwenye miji ya Wamaya pamoja na michoro ya Frederick Catherwood, vyote vinapatikana Internet Archive, na vingine Project Gutenberg. Angalia ukubwa wa faili kabla ya kubonyeza; picha zilizopigwa skani kwa rangi hula bando lote kwa dakika chache. Mara nyingi kuna nakala nyepesi ya nyeusi na nyeupe, au ya maandishi matupu, kwenye ukurasa uleule. Ramani pekee ndizo za kupakua kwa ubora wa juu, tena ukiwa kwenye waifai ya mtu.

Kwa za karibuni, ripoti za serikali ni hazina ambayo wengi hawaijui. Uchimbaji mwingi Marekani hufanyika kwa sababu ya sheria ya 1966 ya kulinda maeneo ya kihistoria: mradi wenye fedha au kibali cha serikali kuu lazima kwanza ukague athari zake. Ripoti zinazotokana huwa ndefu, kavu, na nyingi ni za bure. Zile za makaburi ya Waafrika ya New York zimewekwa wazi, juzuu kwa juzuu. Hifadhidata inayoitwa DAACS, inayoendeshwa kutoka Monticello, shamba la zamani la Thomas Jefferson, inakuruhusu kuona vitu vilivyotoka kwenye makazi ya watumwa, kimoja kimoja, na shimo kilimotoka.

Kuna JSTOR pia, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma. Ukijiandikisha kwa jina lako tu, bila chuo, unasoma makala hadi 100 kwa mwezi mtandaoni. Itumie zaidi kusoma uhakiki. Jarida la American Antiquity, lililoanza 1935, na lile la Historical Archaeology huchapa uhakiki wa vitabu, kurasa mbili tatu, ulioandikwa na mtu anayejua eneo hilo. Uhakiki mmoja mkali umewaokoa wengi na kitabu cha dola 60.

Ukilazimika kununua, tafuta nakala iliyotumika na uelekeze kwa ndugu aliyeko kule. Familia nyingi zina mtu Minnesota, Ohio au Texas anayekuja likizo. Kitabu chenye jalada laini hakimjazii begi. Na usiogope kumwandikia mwandishi barua pepe fupi ya heshima ukiomba sura moja. Wengi wao hutuma.

Hatua ya 5: Usianze ukurasa wa kwanza

Anza na ramani. Kisha jedwali la vipindi, kisha picha zote na maelezo yake, kisha sura ya mwisho. Ukishajua mwandishi anaelekea wapi, rudi kwenye sura inayoeleza walichimbaje, ile ambayo watu huiruka. Hapo ndipo utajua kama anazungumzia mashimo mawili au eneo zima.

Unaposoma, gawa ukurasa wa daftari mara tatu. Upande wa kwanza andika kilichopatikana. Wa pili, kilikuwa wapi na kwenye tabaka gani. Wa tatu, mwandishi anasema maana yake nini. Chukua kaburi namba 101 la New York. Kilichopatikana: misumari midogo iliyopangwa juu ya kifuniko cha jeneza ikafanya umbo kama moyo. Mahali: kaburi la mwanamume mzima, karne ya 18. Maana: wengi waliona ni sankofa, alama ya Waakan wa Ghana, na alama hiyo ikawa kitambulisho cha kumbukumbu yote ya pale. Baadaye mwanahistoria mmoja akahoji: majeneza ya Waingereza na Wamarekani weupe wa karne ile nayo yalipambwa kwa mioyo ya misumari. Upande wa kwanza na wa pili wa daftari lako haukubadilika hata nukta. Wa tatu sasa una majibu mawili, na una haki ya kuyapima.

Hatua ya 6: Usichanganye miaka

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tuende polepole.

Kaboni-14 hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi tangu kiumbe kufa. Kwa kupima iliyobaki kwenye mkaa au mfupa, unapata umri, hadi kama miaka 50,000 nyuma. Wapimaji walikubaliana kuita mwaka 1950 "sasa". Ukiona herufi BP baada ya namba, hesabu kurudi nyuma kuanzia 1950. Kwa hiyo 3000 BP ni yapata mwaka 1050 kabla ya Kristo: toa 1950 kwenye 3000.

Kasoro ni kwamba kiasi cha kaboni-14 hewani hakikuwa sawa nyakati zote, hivyo "mwaka wa kaboni" haulingani na mwaka wa kalenda. Wanasayansi husahihisha kwa kutumia pete za miti na mashapo ya maziwa. Namba iliyosahihishwa huandikwa cal BP. Tofauti yake ni kubwa kadiri unavyorudi nyuma. Kitabu cha 1980 kitakuambia watu wa Clovis waliishi miaka 11,000 hadi 11,500 iliyopita; cha leo kitasema kama 13,000. Hakuna aliyefukua kitu kipya katikati. Mikuki ni ileile, mkaa ni uleule, kilichobadilika ni hesabu. Kwa hiyo kabla hujasema vitabu viwili vinapingana, tafuta zile herufi tatu, cal. Zisipokuwepo, soma dibaji. Mwandishi makini husema mapema anatumia miaka ipi. Asiposema kabisa, punguza imani yako kwake.

Kwa maeneo ya karne za karibuni kanuni ni nyepesi: shimo la taka haliwezi kuwa limefukiwa kabla ya kitu kipya kuliko vyote kilichomo. Ukikuta sarafu ya 1783 chini ya taka, taka zote zilizo juu yake zilitupwa 1783 au baadaye, hata kama vigae vyote vingine ni vya 1740. Watu hutunza sahani nzuri ya bibi kwa miaka mingi.

Hatua ya 7: Jifunze kusoma vitu viwili hadi uvizoee

Cha kwanza ni kiko cha udongo mweupe, kilichotengenezwa Uingereza na Uholanzi na kuvutwa kote Amerika ya kikoloni. Kilivunjika upesi, kikatupwa upesi, na vipande vyake vipo kila shimo. Mwaka 1954 J. C. Harrington alionyesha kwamba tundu la mrija lilipungua upana kadiri miaka ilivyokwenda, kwa sababu mirija ilizidi kuwa mirefu. Mwanzoni mwa karne ya 17 tundu lilikuwa na upana wa sehemu 9 kati ya 64 za inchi; kufikia nusu ya pili ya karne ya 18, sehemu 4 au 5. Alipima kwa biti za kawaida za drili, akijaribu ipi inaingia bila kulegea. Kwa kipande kimoja kipimo hiki hakisemi kitu cha maana. Kwa vipande mia mbili kinakupa umri unaokaribia ukweli. Mwandishi anayetaja umri wa nyumba nzima kwa vipande vitano vya kiko anastahili alama ya kuuliza pembeni mwa ukurasa.

Cha pili ni jiwe la kaburi, na hapa kitabu cha James Deetz, In Small Things Forgotten, hakijapata mpinzani kwa anayeanza. Kilitoka 1977, tafuta toleo lililopanuliwa la 1996. Deetz na mwenzake Edwin Dethlefsen walihesabu michoro ya mawe ya makaburi New England. Mwanzo lilitawala fuvu lenye mabawa. Karne ya 18 ilipoendelea likaja uso wa malaika wenye mabawa. Kisha, kuingia karne ya 19, chungu cha majivu na mti unaoinamisha matawi. Kila mchoro ulianza kidogo, ukashamiri, ukafifia, na kwa kuwa kila jiwe lina mwaka wake, unaweza kuona mtindo ukitembea kutoka mjini kwenda vijijini. Wachimbaji hupanga hata vigae visivyo na tarehe kwa mantiki hiyohiyo.

Jaribu mwenyewe. Nenda kwenye makaburi ya zamani ya mji wenu, kwa ruhusa na kwa adabu, na uandike mwaka na umbo la kila jiwe au msalaba: saruji tupu, terazo, vigae, marumaru yenye picha. Chora jedwali la kila miaka kumi. Sura ya Deetz utaielewa jioni hiyohiyo kuliko kwa kuisoma mara tatu.

Hatua ya 8: Soma cha pili kinachobishana na cha kwanza

Kwenye mashamba ya Virginia na South Carolina walikuta vyungu vya udongo vilivyofinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwa moto wa wazi. Mwaka 1962 Ivor Noël Hume alieleza kwamba vilifinyangwa na wenyeji wa Amerika na kuuzwa kwa walowezi na watumwa. Leland Ferguson, kwenye Uncommon Ground cha 1992, akasema hapana: vingi, hasa South Carolina, vilitengenezwa na Waafrika wenyewe, wakipika uji na mchuzi kwa namna walizozijua. Akaonyesha pia mabakuli yenye alama ya msalaba kwenye kitako, mengi yakiwa yametolewa mitoni karibu na mashamba ya mpunga, akayahusisha na alama ya ulimwengu ya Wakongo.

Msomaji wa Kongo ataguswa na sura hiyo, na ni sawa. Lakini usiishie hapo. Waliofuata walisema wenyeji na Waafrika wote walifinyanga, wakati mwingine pamoja shamba moja, na kwamba mkwaruzo wa msalaba unaweza kuwa na maana zaidi ya moja. Ferguson nampenda kwa sababu anakuonyesha ushahidi kabla ya kukupa jibu, kwa hiyo hata usipokubaliana naye unabaki na kitu mkononi. Noël Hume ndiye aliyeandika kwa kalamu tamu zaidi kati yao, na utamu huo ndio wa kujihadhari nao.

Hatua ya 9: Tazama mifupa imezungumziwaje

Kufikia mwaka 1990 makumbusho za Marekani zilikuwa na mifupa ya wenyeji kwa maelfu, kwenye masanduku. Mwaka huo ilipita sheria ya NAGPRA inayotaka irudishwe kwa jamii zake. Vitabu vya kabla ya hapo huchapa picha za mafuvu bila kumuuliza mtu. Vya baadaye vingi havichapi, na hilo si upungufu.

Kesi ya kufuatilia ni ya mtu wa Kennewick, aliyepatikana mwaka 1996 ukingoni mwa mto Columbia, jimbo la Washington, mwenye umri wa zaidi ya miaka 8,000. Baadhi walisema fuvu lake halifanani na la wenyeji, kesi ikaenda mahakamani, vitabu vikaandikwa. Mwaka 2015 DNA ikaonyesha ni ndugu wa wenyeji wa leo, na Februari 2017 makabila ya pale yakamzika. Ukikuta kitabu cha 2001 chenye sura yake iliyofinyangwa na maelezo ya "mgeni wa ajabu", unajua la kufanya.

New York ilianza kama vurugu na ikaishia kuwa somo. Mwaka 1991, wakati wa kujenga jengo la serikali kuu Manhattan, yaligunduliwa makaburi ya Waafrika, watumwa na walio huru, yaliyotumika hadi 1794. Wakazi weusi wa mji waliandamana na kukesha hadi ujenzi ukabadilishwa na utafiti ukakabidhiwa Chuo Kikuu cha Howard chini ya Michael Blakey. Mabaki ya watu 419 yalizikwa upya Oktoba 2003. Soma kaburi namba 340: mwanamke aliyezikwa na shanga na kauri za baharini kiunoni. Kauri za biashara ile nyingi zilitoka Bahari ya Hindi, hasa visiwa vya Maldives, na meli za New York miaka ya 1690 zilileta pia watumwa kutoka Madagascar. Mwandishi wa ripoti ilibidi aeleze kwa aya kadhaa shanga za kiunoni ni nini. Wewe utaziruka hizo aya na kwenda moja kwa moja kwenye jedwali: ngapi, rangi gani, zilipangwa vipi.

Kwa miezi mitatu ya kwanza ningekupangia hivi: Deetz, pamoja na zoezi la makaburi, kisha Ferguson, na uhakiki wake wa watu wawili kutoka JSTOR, kisha juzuu moja ya ripoti ya New York, ukiichukua kwa sura na si kwa kurasa. Cahokia iwe baada ya hapo, na mlango wake mwepesi ni kitabu kifupi cha Timothy Pauketat cha 2009. Kabla ya kukinunua, kumbuka kwamba Pauketat anaamini mji ule ulichipuka ghafla kama mlipuko, na wapo wenzake wasiokubaliana naye. Tafuta makala ya mmoja wao kwanza.